Hela ya kupanda ulingoni ilipwe kwanza, milioni tutaongea baadae

Mhariri habari za kazi, poleni na majukumu. Naandika kuhusu ile habari yenu ya mieleka ya Las Vegas, ile ya kukabana mpaka mtu akubali, yenye zawadi ya dola milioni moja. Hapa kijiweni kwetu Ngamiani imekua gumzo na kila mtu kashika neno moja tu, milioni, milioni, kwa chenji ya wakati ule ni kama bilioni 2.7 za kwetu, na dogo mmoja dereva bajaji keshaanza kuuliza huo mchezo unafundishwa wapi hapa Tanga. Habari mmeitoa vizuri sikatai, lakini kitu chenyewe cha maana kwenye yale mashindano mmekipa mstari mmoja mwishoni halafu mkakata, ndo maana nimeona nishike simu niandike.

Kitu chenyewe ni zile dola 10,001 alizoahidiwa kila aliyepanda kukabana.

Kwa ambao hawakufatilia, iko hivi. Toka 1998 kuna mashindano yanaitwa ADCC, yalianzia Abu Dhabi, muanzilishi ni Sheikh Tahnoun bin Zayed wa ile familia inayotawala kule, alienda kusoma Marekani akaukuta mchezo akaupenda akarudi nao nyumbani. Kwa watu wa jiu-jitsu na mieleka hilo ndo kombe lao la dunia, kwa kawaida linapigwa kila baada ya miaka miwili. Hakuna ngumi, hakuna teke, hakuna zile kanzu za judo, ni ngwala, kuangushana, kabali, kukunjana mkono au mguu mpaka mwenzio agonge kwa kiganja, akigonga refa anaingia kati mchezo umeisha. Heshima yake kubwa sana hilo kombe. Hela yake sasa, bingwa mzima wa uzito wake alikua anaondoka na dola 10,000, wa pili na wa tatu wanashuka kutoka hapo. Bingwa wa dunia huyo jamani! Mtu kakabana utoto mpaka utu uzima.

Ndo akatokea Muaustralia mmoja anaitwa Craig Jones, na huyu si mtu wa pembeni, kacheza fainali za ADCC 2019 na 2022 zote akawa wa pili. Akaanza kusema kwa sauti kwamba ukumbi unajazwa, tiketi zinauzwa, wachezaji wanaambulia nini? Alivyoona anajibiwa majibu ya kisiasa akaanzisha ya kwake, akayaita kwa jina lake mwenyewe, Craig Jones Invitational, halafu kwa makusudi kabisa akayaweka wikiendi ileile na mji uleule, Las Vegas, yake tarehe 16 na 17 Agosti 2024, ADCC tarehe 17 na 18. Huo ugomvi ungekua wa promota wawili wa hapa kwetu ungeishia kuchaniana mabango.

Akaweka makundi mawili ya watu 16, chini ya kilo 80 na juu ya kilo 80, bingwa wa kila kundi dola milioni moja. Kade Ruotolo akabeba ya chini, kijana wa miaka 21 tu, Nick Rodriguez akabeba ya juu. Walichezea kwenye kitu nilikua sijawahi kukiona, hakuna kamba wala wavu, ni shimo lenye kuta za kulala, kama umekata dau ukabaki na tumbo lake watu wanakabana mle ndani, ukitaka kumkimbia mwenzio unapanda ukuta halafu unateleza unarudi kulekule kwake. Na yote yalirushwa bure YouTube, sisi huku ilikua usiku wa manane mpaka jua linachomoza, bando liliisha ila sijutii. Aliyetoa hizo hela hakutajwa, ingekua Tanga tungeshasema ni za majini.

Sasa hiyo 10,001. Jones alisema kila atakaepanda, ashinde asishinde, hata akikabwa sekunde ya kwanza akagonga, analipwa dola 10,001, yani dola moja zaidi ya aliyokua analipwa bingwa wa ADCC. Ile dola moja ni kijembe, mzaramo wa kweli angempigia makofi. Lakini toa kijembe angalia hesabu, watu 32 mara 10,001 ni dola 320,032, hizo ni hela za watu wa kushindwa, zimetengwa kabla mtu hajavua viatu. Kwangu mimi milioni ilikua tangazo tu la kutuita sisi tukae macho usiku. Mtu aliecheza fainali akashindwa, Levi Jones-Leary kule chini na Fellipe Andrew wa Brazil kule juu, tofauti yake na bingwa ni karibu milioni nzima na hilo sijalipenda, ni kamari. Ila wote waliondoka na kitu ambacho walikijua toka wanapanda ndege.

Na kwa nini nasema wa kushindwa ndo wa kumuwazia, kwa sababu kwenye mchezo huu aliyeshindwa ndo anaeumia. Kabali ikikaa sawasawa inabana ile mishipa ya damu pande mbili za shingo, usipogonga sekunde chache tu umelala, ukiamka unauliza uko wapi, hiyo ni nafuu kuliko zote. Mbaya ni mguu. Mtu anakumbatia kisigino chako kwapani anakisokota, na goti halipigi kelele mapema kama mkono unavyouma ukikunjwa, unakaa unajiona bado uko salama kumbe kano za ndani ya goti ndo zinakatika, maumivu yanakuja baadae kazi imeshaisha. Anaekubali kuingia hatari hiyo mbele ya watu waliolipa kiingilio ameshafanya kazi, ushindi ni mambo mengine.

Njoo sasa kwetu. Tanga ni mji wa ngumi, hilo hata watu wa Dar wanalijua ingawa hawapendi kulisema. Na nataka niwakumbushe wasomaji wenu kitu kimoja, Hassan Mwakinyo wetu alipompiga Sam Eggington raundi ya pili pale Birmingham Septemba 2018, hakua pambano kubwa la usiku ule. Pambano kubwa lilikua la Amir Khan na Samuel Vargas. Mwakinyo alikua wa utangulizi, aliletwa apigwe, watu bado wananunua vinywaji. Kwa iyo huyu mnaemuita wa utangulizi mnamdharau leo, kesho ndo mnaenda kumpokea na matarumbeta, lakini ili afike hiyo kesho lazima leo ale.

Mtoto wa dada yangu anapigana. Siku moja kawekwa utangulizi hapahapa mjini, promota simtaji na ukumbi siutaji. Walikubaliana kwa mdomo, laki moja na nusu, kapima uzito asubuhi na njaa yake, pambano la kwake likapigwa saa nne usiku akashindwa kwa pointi, nikamfata nyuma kule wanakobadilishia nguo. Nimemkuta kakaa kwenye kreti la soda, jicho la kushoto limeshafunga, bukta mbichi kaiweka kwenye mfuko wa rambo, bandeji za mikononi hata hajazitoa bado anazikunjua kwa meno. Anamsubiri mtu wa hela. Mtu wa hela kaja kampa elfu ishirini, kamwambia nyingine itatumwa kwenye simu kesho mapato ya mlangoni yakishahesabiwa. Nikamuuliza, ndugu yangu, mlango unahusiana nini na huyu mtoto, yeye alikua anakata tiketi? Akanicheka akasema mzee haya mambo hamyajui. Hiyo kesho haijafika mpaka leo, na simu ya promota ukipiga inaita mpaka inakata.

Sisemi wote wako hivyo, wapo wanaolipa na nawajua, ila ukienda vijiweni Makorora, Duga, Chumbageni, kaa na mabondia wadogo waulize, kila mmoja anayo ya kwake, aliyeahidiwa pikipiki akapewa picha ya kupiga nayo, aliyepewa nauli na soda mbili. Hata kwenye mieleka ya ufukweni sikukuu za Idi, maji yakikupwa vijana wanaangushana kwenye mchanga raha tupu, mtu anatangaza kwa kipaza sauti mshindi mbuzi, mwisho wa siku mbuzi keshapatiwa dharura.

Najua mtaniambia mzee Marekani na Tanga wapi na wapi, hatuna tajiri wa siri wa kumwaga hela. Sawa. Lakini mimi sijaomba dola. Nachosema, kabla hujabandika bango la mkanda, zawadi gari, zawadi kiwanja, piga hesabu ya wale vijana wa utangulizi kwanza, kama ni elfu themanini kila mmoja iwe elfu themanini, iwekwe pembeni siku ya kupima uzito, mtu asaini aone kwa macho yake na akishuka ulingoni apewe kabla hajaoga. Kama hiyo huna basi huna pambano, una bango. Na ukishindwa kupata vijana kumi na mbili wa kuwalipa, weka sita, nani kakwambia lazima tukae mpaka saa saba usiku.

Wengine wanasema mchezaji akilipwa bila kushinda atalegea. Hii nayo haina mguu, nimeangalia yale makabano mpaka asubuhi sijaona aliyelegea, ndo kwanza watu walikua wanashambulia bila woga kwa sababu hata akikosea kodi ya nyumba ipo. Anaelegea ni yule anaewaza atarudi na nini nyumbani, huyo anajilinda tu asiumie, watu wa kiingilio wanazomea.

Halafu hiyo hela kubwa nayo imebadilika toka hapo. Agosti 2025 walirudia, safari hii milioni imepelekwa kwa timu, sio mtu mmoja, na wanawake wakawekewa kundi lao la dola 100,000, mwaka wa kwanza kundi la wanawake halikuepo kabisa, lilikua pambano moja la Ffion Davies na Mackenzie Dern. Bado ni kidogo ukilinganisha na wanaume, dada zetu wanaopigana hapa mjini wakisoma watasema afadhali kuliko fulana na maji ya chupa.

Kwa yule dogo wa bajaji na wenzie, mkitaka kuanza msisubiri kuona bango la jiu-jitsu Tanga, anzeni na judo, ndo mlango wa karibu zaidi, Andrew Thomas Mlugu kaiwakilisha Tanzania kwenye judo Olimpiki ya Paris 2024 na anatokea nchi hiihii yenye shida hizihizi. Ila mjue na upande wa pili, ADCC Afrika tumewekwa kapu moja na Ulaya na Mashariki ya Kati, mchujo wenyewe umezoea kufanyika Ulaya, Poland mara nyingi, kwa iyo kabla hujamkaba mtu unaanza kukabana na viza na tiketi ya ndege. Bajaji usiiuze.

Ombi langu kwenu Mhariri ni dogo na halina gharama. Kila wiki mnaandika pambano fulani litapigwa, mkanda fulani, promota kasema maandalizi yamekamilika kwa asilimia tisini. Mwandishi wenu akishamaliza kuuliza kiingilio viti maalumu shilingi ngapi, amuulize na promota swali moja la ziada, wa utangulizi wanalipwa shilingi ngapi na wanalipwa lini, jibu likija liandikwe na kama amekataa kujibu liandikwe hivyohivyo, kakataa. Na wiki inayofata mtu wenu arudi kwa hao vijana aulize kama hela imefika. Kama mnakosa pa kuanzia, ninaye mmoja hapa nyumbani, jicho limepona, anadai laki moja na thelathini.

Msomaji wenu wa siku nyingi,
Mpenda Ngumi, Barabara ya 12, Ngamiani, Tanga