Kwako binamu: 11 kwa 14 si rekodi ya aibu

Binamu,

Salamu nyingi. Unasema mchezaji wa tenisi aliyeshinda mechi 11 za wawili wawili na kupoteza 14 "hana lake". Ngoja nikupinge.

Anza na vile vichapo. Mashindano madogo ya ITF (Shirikisho la Kimataifa la Tenisi), W15 kwa wanawake na M15 kwa wanaume (15 ni zawadi ya dola 15,000 kwa mashindano mazima), kwa kawaida huwa na jozi 16, na ukifungwa mara moja unafunga mizigo. Kwa hiyo kila wiki ina kichapo kimoja, isipokuwa wiki ya taji. Jozi inayotolewa robo fainali kila mara inamaliza mwaka nusu kwa nusu. Sasa hizo 11 zinaweza kuwa taji moja (mechi nne), fainali mbili (tatu tatu) na robo fainali moja, halafu raundi ya kwanza mara 11. Zinaweza pia kuwa robo fainali 11 bila hata nusu fainali. Tarakimu ni zilezile, wachezaji ni tofauti kabisa. Fungua orodha ya mashindano, usiishie kwenye jumla.

Angalia pia ushindi wa mezani: wapinzani wasipotokea, jozi inasonga mbele lakini mechi haihesabiwi. Wakijitoa katikati ya mchezo, inahesabiwa.

Halafu matokeo yenyewe. Kwenye mashindano haya, wawili wawili wakitoshana seti moja moja hawachezi seti ya tatu. Wanacheza taibreki, yaani mchezo mfupi wa kuamua mshindi: wa kwanza kufika pointi 10, kwa tofauti ya mbili. Kwenye gemu, wakifika 40-40 pointi moja inaamua, na wanaopokea ndio wanaochagua upande. Bahati inapata nafasi kubwa hapo. Mwaka 2022 Angella Okutoyi wa Kenya na Rose Marie Nijkamp wa Uholanzi walichukua taji la wasichana Wimbledon kwa kuwafunga Wakanada Kayla Cross na Victoria Mboko 3-6, 6-4, 11-9. Nani angesema Mboko hajui mpira? Mwaka 2025 alibeba taji la Montreal, la wakubwa. Na taji lile la Okutoyi, kwa kuwa ni la vijana, halimo kwenye rekodi yake ya kulipwa.

La mwisho, na kwangu ndilo zito: safu ya wenza kwenye orodha hiyo, yaani mchezaji alicheza na nani. Ukiona majina tisa ndani ya miezi sita, vichapo vina maelezo. Wengi kwenye mashindano haya huko Monastir (Tunisia) au Antalya (Uturuki) wanaokotana siku ya kujiandikisha, hawajui nani achukue mpira wa katikati. Kubaki na mwenza mmoja kunagharimu nauli, na kwa viwango vilivyotumika miaka mingi, mabingwa wa M15 wanagawana dola 930 hivi. Wakitoka raundi ya kwanza, 108, yaani 54 kila mmoja kabla ya kodi.