Acheni kutoboa jeti za kabureta

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako niseme na mafundi wenzangu wa pikipiki, na madereva wa bodaboda, na hasa wauza spea wa hapa Mbeya. Kuna mtindo umeota mizizi kwenye gereji zetu na unaua injini za watu. Kijana anakuja na pikipiki yake ya cc 150, anataka ichukue vizuri mlimani. Fundi anafungua kabureta, kile kifaa kinachochanganya petroli na hewa, anatoa meni jeti, yaani jeti kuu ya kupitishia petroli, anaipitisha kwenye biti ya drili, anang'oa filta ya hewa na kukata eksozi. Pikipiki inaunguruma mtaa mzima, kijana anafurahi, analipa. Haupiti muda inaanza kula oili na kutoa moshi, na hapo kila mtu anasema pikipiki za siku hizi ni mbovu.

Mimi sipingi kurekebisha kabureta iliyotoka kiwandani. Ni kazi ninayoipenda kuliko zote gereji, na ikifanywa sawasawa mwenye chombo anaona tofauti. Ninachopinga ni drili.

Jeti ni kipande kidogo cha shaba chenye tundu lililopimwa. Namba iliyogongwa juu yake ndiyo saizi, na kwenye jeti za Keihin, kwa mfano, namba 95 ni tundu la milimita 0.95. Sasa tufanye hesabu. Ukilitoboa likafika milimita 1.10, kwa macho umeongeza kitu kidogo sana. Lakini mafuta hupita kwenye eneo la tundu, siyo kwenye upana wake peke yake, na eneo hilo limekua kwa asilimia 34. Hakuna injini ya cc 150 inayoweza kuyachoma mafuta yote hayo. Petroli inayobaki inaosha oili kwenye kuta za silinda, ringi zinasaga chuma kwa chuma, na nyingine inashuka hadi kwenye oili yenyewe. Chomoa kijiti cha oili unuse, utasikia petroli. Zaidi ya hayo, biti ya dukani inaacha tundu lenye kingo za mikwaruzo, na namba iliyogongwa haina maana tena. Fundi atakayeifungua baada yako ataona 95 na kuamini ni 95.

Na hapa kwetu kosa hilo ni kubwa maradufu, kwa sababu ya mahali tulipo. Mbeya mjini tuko kama mita 1,700 juu ya usawa wa bahari. Hewa yetu ni nyepesi kwa karibu asilimia 15 kuliko ya Dar es Salaam. Kabureta haijui hilo, inaendelea kumwaga mafuta karibu kama ilivyozoea pwani. Kwa hiyo pikipiki iliyopangwa kiwandani kwa ajili ya nchi tambarare, ikifika huku tayari ina mafuta mengi kupita kiasi. Dawa yake ni kushusha jeti namba moja au mbili, siyo kuipandisha. Madereva wanaotoka Kyela wanalijua jambo hili kwa mwili wao. Kule kando ya Ziwa Nyasa, kama mita 500, pikipiki inakwenda vizuri. Ikipita Tukuyu inaanza kukohoa, ikikaribia Uyole, hapa Mbeya, inatoa moshi mweusi. Dereva anasema imekosa mafuta, kumbe imeshiba. Na tuwaambie wateja ukweli: nguvu inayopotea kwa uchache wa hewa hairudi yote kwa kubadilisha jeti. Unachorudisha ni ile iliyoliwa na mchanganyiko mbaya.

Nieleze kazi moja ili wasomaji waone ninachosema. Kuna shamba la parachichi upande wa Rungwe lenye pikipiki za magurudumu manne, zile zinazovuta tela la makreti kutoka shambani hadi barabarani. Moja ilikuwa haipandi. Ukivuta mafuta inaitika hadi nusu, halafu inalala. Fundi aliyetangulia alishatoboa meni jeti, kutoka 125 hadi biti ya milimita 1.5 ikapita ndani kwa ulaini. Hiyo ni asilimia 44 zaidi, na bado ilikuwa haipandi. Nilifungua kifuniko cha juu cha kabureta. Hizi kabureta hazina waya unaovuta moja kwa moja pistoni yake ya ndani, ile inayofungua njia ya hewa na kubeba sindano ya mafuta. Pistoni inanyanyuliwa na mvuto wa hewa kupitia mpira mwembamba wa duara. Niliutoa ule mpira, nikaunyoosha mbele ya dirisha, mwanga ukapenya pembeni kwenye mpasuko wa urefu wa ukucha. Ugonjwa wote ulikuwa hapo. Pistoni ilikuwa hainyanyuki, kwa hiyo ungeweka hata tundu la msumari, chombo kisingepanda.

Tulipata mpira mpya na jeti 122, namba moja chini ya ile ya kiwandani kwa sababu ya mwinuko. Kwenye sindano sikugusa kitu. Wengi huweka washa, kile kibati cha duara chenye tundu, chini ya sindano ili inyanyuke kidogo, kwa kuwa viwanda huziacha mashine hizi na mafuta machache kwenye mwendo wa kati kutokana na sheria za moshi za Marekani na Ulaya. Pwani washa hiyo inasaidia kweli. Huku juu, hewa yetu nyepesi imeshafanya kazi ya washa. Chombo kilipanda na tela lake.

Ndiyo maana nasema, kabla ya kubadilisha chochote, rudisha kwanza kabureta kwenye hali yake. Safisha slo jeti, ile ya mwendo wa chini, kwa upepo, usichokonoe kwa waya. Pima floti, lile boya linalopima kiasi cha mafuta ndani ya kabureta. Angalia kama mpira unaounga kabureta na injini haujapasuka, maana hewa ya wizi ikiingia hapo utahangaika na jeti hadi jioni. Pima tapeti, yaani nafasi ya valvu. Pikipiki nyingi zinazoletwa kwangu "kuongezewa nguvu" zinaondoka na nguvu zake zilezile za kiwandani, na mwenyewe anadhani nimemwekea injini mpya.

Baada ya hapo, kama bado unataka zaidi, jua kila sehemu inafanya kazi wapi. Bandika utepe kwenye mshiko wa mafuta, weka alama ya robo, nusu na robo tatu. Kutoka sailensa, yaani injini ikiunguruma bila kuvutwa mafuta, hadi robo, kazi kubwa ni ya slo jeti na skrubu yake. Robo hadi robo tatu ni sindano: ukishusha klipu inayoishika, sindano inapanda na mafuta yanaongezeka. Kuanzia robo tatu hadi mwisho ndipo meni jeti inapotawala. Pikipiki ikikohoa kwenye robo, hakuna sababu ya kugusa meni jeti. Ile skrubu nayo inawachanganya vijana wengi. Ikiwa upande wa filta, ni ya hewa, ukiifungua unapunguza mafuta. Ikiwa upande wa injini, ni ya mchanganyiko, ukiifungua unayaongeza. Halafu panda mlima kwa mafuta yote, kata klachi na zima injini kwa pamoja, simama, toa plagi. Nyeusi yenye masizi, mafuta ni mengi. Kahawia, umepatia. Nyeupe, simama hapohapo usiendeshe tena, kwa sababu injini inaungua na pistoni yake inaweza kutoboka.

Kuhusu kung'oa filta, sina mjadala. Vumbi letu la volkano likiingia kwenye silinda linasaga kama msasa, na hakuna jeti inayotibu hilo. Anayetaka hewa zaidi aweke filta inayopitisha vizuri, kisha apange mafuta upya kufuata hiyo filta.

Sasa wauza spea, hasa wa Mwanjelwa. Mafundi wanatoboa jeti kwa sababu kwenu hazipo. Mnauza kabureta nzima, au paketi ya ukarabati yenye jeti moja isiyo na namba. Leteni jeti zenye namba, kuanzia saizi mbili chini ya ile ya kiwandani hadi mbili juu, kwa pikipiki zinazotembea sana hapa mjini. Ni kitu kidogo kuliko punje ya hindi, hakijazi rafu. Na walimu wa ufundi wa pikipiki kwenye vyuo vya nyanda za juu, naomba somo la mwinuko na kabureta lifundishwe kwa vitendo, mwanafunzi apelekwe Kyela na Uyole na pikipiki moja, atoe plagi kila kituo.

Mimi niko tayari kuazimisha jeti zangu za kupimia kwa fundi yeyote atakayefika gereji kabla hajawasha drili.

Fundi pikipiki,
Uyole, Mbeya.