Noah iliyotelekezwa mtaani kwetu

Ndugu majirani wa Nyegezi, habari za asubuhi. Lile gari jeupe aina ya Noah bado lipo palepale mteremkoni. Matairi yamelala, kioo cha nyuma kimevunjwa, maji ya mvua yametuama ndani na mbu wanazaliana. Watoto wanajificha humo wakicheza, jambo linaloniumiza sana. Nyumba ikiungua, zimamoto hawapiti kwa sababu ya gari hilo.

Tafadhali mtu asing'oe kitu wala kulisukuma, huenda ni la wizi. Mwenyekiti wa mtaa ana taarifa; kesho saa nne asubuhi tunakwenda naye polisi. Plati za namba zimeshatolewa, ila namba ya chesisi ipo, na TRA (Mamlaka ya Mapato) wana kumbukumbu za wamiliki. Mwenye picha ya zamani inayoonyesha plati anitumie inboksi leo.