Kwa wanaotaka kufundisha Kiingereza nje

Walimu wenzangu, wakubwa shikamooni, wengine mambo vipi.

Wengi mmenifuata inboksi kuhusu Korea Kusini. Viza yao ya walimu wa Kiingereza, E-2, kwa kawaida hutolewa kwa raia wa nchi 7: Marekani, Uingereza, Kanada, Ayalandi, Australia, Nyuzilandi na Afrika Kusini. Sisi Watanzania hatumo, hata ukiongea kumshinda Mfalme Charles. Kwa hiyo huyo wakala anayezunguka Mwanjelwa hapa Mbeya na fomu za laki tatu, msimpe hata mia.

Cheti cha TEFL (cha kufundisha Kiingereza kama lugha ya kigeni), waajiri wengi huulizia cha saa 120. CELTA, cheti cha Cambridge cha kazi hiyo hiyo, ni nzito zaidi: unafundisha wanafunzi halisi kwa saa 6, mkufunzi kakaa nyuma anaandika kila unapoteleza. Mwenye uwezo aende huko. Ila digrii bado wataidai.

Pasipoti ni 150,000, anzeni kudunduliza.

Tukutane Jumamosi saa 8 mchana, Soweto ya hapa Mbeya, pale pale petu. Leteni vyeti vyenyewe, siyo picha za kwenye simu. Wa Tukuyu na Vwawa nijulisheni mapema, kuna suala la kuandaa chai ya kunywa.