Kumbukumbu ya mwaka mmoja ya Mzee wetu, fundi seremala

Ndugu wanakikundi, kamwene.

Jumamosi ijayo, saa 4 asubuhi, tutakutana nyumbani kwa marehemu hapa Mafinga kwa ibada, kisha tutakwenda makaburini kuweka msalaba, ambao vijana aliowafundisha kazi wameuchonga kwa mti mgumu, kwa kuwa Mzee, ingawa aliishi jirani na msitu wa Sao Hill, wenye miti mingi ya paina, hakuwahi kuiamini mbao ya paina mahali penye unyevu.

Mchango ni shilingi 10,000 kwa kila mmoja, umfikie mhazini kabla ya Alhamisi jioni. Mama ameomba tusinunue mashada. Fedha itakayobaki itasaidia ada ya mtoto wao wa mwisho. Watakaopika wafike Ijumaa saa 10 alasiri.

Watoto wameomba kila mmoja wetu aje na neno moja kuhusu baba yao. Mimi nitasimulia kitanda alichonitengenezea kwa mkopo nilipooa, ambacho hakunidai hata mara moja hadi nilipovuna mahindi.

Tafadhali thibitisheni hapa kikundini kabla ya Jumatano jioni, mkitaja idadi ya mtakaoambatana nao, na mwenye gari la kubebea viti aniarifu.

Katibu