Heri ya Krismasi kutoka Lincoln, Uingereza

Tumsifu Yesu Kristo, wapendwa! Mimi, baba watoto na watoto tunawatakia nyote Krismasi njema na heri ya Mwaka Mpya. Wa Kibosho, wa Arusha, na ninyi wa Dar mnaogombania basi kwa nauli iliyopandishwa, Mungu awafikishe salama.

Sisi mwaka huu tena hatuji. Tiketi za watu wanne Desemba ni hela ya kupaua nyumba, na bili ya gesi huku haimwonei mtu huruma. Nanyi mnajua yaliyotupata mwezi wa saba. Mdogo wetu nilimzika kwa simu. Mtandao ulikatika jeneza likiwa linashushwa; uliporudi nikaona majembe na udongo tu.

Mtaa wetu huu wa Birchwood zamani ulikuwa uwanja wa ndege za kivita, Skellingthorpe. Shule ya msingi iliyopo hapa inaitwa Leslie Manser. Miaka yote napita pale nikidhani ni mwalimu mkuu wa zamani, kumbe ni rubani, kijana wa miaka 20. Umri ule ule wa mdogo wetu. Usiku wa Mei 30, 1942, ndege za Uingereza zipatazo elfu moja zilikwenda kuupiga mabomu mji wa Cologne, Ujerumani, yake ikiwemo. Ikapigwa, injini moja ikashika moto, ikawa inazidi kushuka. Akawaamuru wenzake sita waruke. Mmoja akamletea parachuti, yeye rubani akamfanyia ishara aende zake, maana angeachia usukani tu, ndege ingepinduka nao ndani. Wote sita wakapona. Yeye akaanguka nayo Ubelgiji, na kaburi lake liko huko, Heverlee.

Heri hata yeye ana kaburi. Kule Runnymede, huku huku Uingereza, kuna kuta zenye majina zaidi ya 20,000 ya wanaanga ambao hawakupatikana wa kuzikwa. Na sisemi kwamba vita vile vilikuwa vyema. Chini ya mabomu, Cologne, kulikuwa na watoto, na mamia ya watu walikufa usiku ule. Huwaza mama zao, wa huku na wa kule, Krismasi ya mwaka ule kama kuna aliyeweza kumeza tonge.

Vijana wetu wa bodaboda, nisikilizeni dada yenu. Yule alikufa ili wenzake sita warudi kwao. Wewe unayepita lori kwenye kona unawahi nini? Kofia ngumu ni ya kichwani, si ya kuning'iniza kwenye usukani! Nanyi wazee, kesi ya kihamba, shamba letu la ukoo, iishe mwaka huu. Mtoto Yesu amezaliwa zizini, hakugombania mpaka na mtu. Ombaneni radhi kabla ya kuchinja, mbege inywewe na wote, asiwepo wa kukaa nje ya ua amenuna.

Basi, Bwana awajalie amani na afya tele. Mtori mnywe na fungu letu. Na atakayefika nyumbani wa kwanza aangalie yale masale, mmea wetu wa Kichagga, niliyoomba yapandwe kichwani pa mdogo wetu. Kama yamekauka apande mengine, kisha anipigie kwa video, aishike simu taratibu, nilione kaburi lote.