Udongo wa kihambani na wa tambarare usiuchanganye ndoo moja

Wateja wetu wengi wa kupima udongo, wa Hai na Moshi Vijijini mkoani Kilimanjaro, wana kihamba (shamba la nyumbani la migomba na kahawa) huku juu na shamba la mahindi kule tambarare. Baadhi hutuletea mfuko mmoja, nusu udongo wa huku, nusu wa kule, ili walipie kipimo kimoja. Tunaelewa, kipimo ni pesa. Ila jibu litakalotoka halitafaa huku wala kule.

Kihambani, kahawa imepigwa mrututu, dawa ya ukungu yenye shaba, miaka mingi kuzuia chulebuni (ugonjwa wa matunda ya kahawa) na kutu ya majani. Shaba ya mrututu haiozi, wala maji hayaisombi kirahisi. Inakaa tabaka la juu, na ikizidi hudhuru mizizi. Kwenye mahindi, cha kuangalia kwanza ni zinki. Ikipungua, majani machanga hutoka na michirizi mipana myeupe pembeni mwa mshipa wa kati, na mwenye shamba huongeza mbolea ya kukuzia akidhani mahindi yana njaa ya nitrojeni. Hayabadiliki. Fosforasi ikirundikana kwa mbolea ya kupandia ya DAP ya kila msimu, zinki huzidi kuwa ngumu kwa mmea kuipata. Sasa changanya udongo huo wote: shaba itasomeka ya wastani, zinki ya wastani, na karatasi itakwambia uko salama.

Ndiyo maana tunaanza kwa kutembea nawe mipakani. Kihamba peke yake, mahindi peke yake, malisho peke yake. Kila sehemu tunachota mahali 15 hadi 20 kwa zigizaga, kina cha sentimita 20, tukikwepa vichuguu, palipolundikwa samadi na palipochomwa takataka. Ndoo yetu ni ya plastiki; ile ya bati imepakwa zinki, inatosha kuharibu kipimo.

Ramani za bure mtandaoni zipo. iSDAsoil, kwa mfano, inakadiria virutubisho vya udongo wa Afrika kwa vipande vya mita 30 kwa 30. Kwa kuangalia wilaya nzima, tunaipenda. Lakini kipande kimoja ni karibu robo eka, na kwenye robo eka ya kihamba unakuta migomba, mibuni na majani ya ng'ombe.

Kama bajeti ni ndogo, pima kwanza sehemu inayokusumbua, nyingine zisubiri msimu ujao. Tuite kabla hujaweka mbolea. Shamba lililotoka kuwekewa hatulichoti.